Watasema

Kwenye kadi wameandika: Baron wa Kampemba,
dume, miaka mitatu, rangi ya shaba iliyoungua.
Nyumbani anaitwa Watasema.
Bosi Numbi alimpa jina hilo kwa ajili ya jirani,
ili nikimwita mbwa chakula kila jioni
jirani naye ajue ameitwa.

Uwanja ni wa shule, kando ya barabara ya Likasi.
Wamechora duara kwa chokaa.
Maua ya mijakaranda yanaangukia migongo ya mbwa
na wenye mbwa wanayapangusa upesi, kana kwamba ni kasoro.
Mbali, dohani ya kiwanda imesimama bila moshi.

Namba kumi na saba imebandikwa kifuani pangu,
siyo pa mbwa.
Nimeshika kamba, na kamba ni waya wa simu:
ninachokiogopa mimi, yeye anakisikia
kabla sijakipatia jina.
Basi nalegeza vidole, kimoja kimoja.

Mbele yetu ni namba kumi na sita, dume jeusi la mtaa wa Golf,
limepakwa mafuta hadi masikioni.
Halibweki. Hilo ndilo baya.
Mbwa anayebweka bado anazungumza nawe;
hili limefunga mdomo, limesimika mkia,
na macho yake hayapepesi.
"Iko na roho, huyu!" mwenye nalo anacheka.
Roho siyo hiyo, baba.

Niseme yangu pia.
Miezi minane, usiku kwa usiku,
bosi alimtuma Chola, mtoto wa dada yake,
avae gunia kichwani, apige geti kwa fimbo,
amchokoze Watasema hadi povu limtoke.
"Nataka mukali! Wezi wa nyaya wamezidi!"
Aliyefungua mnyororo ni mimi.
Aliyempa nyama alipong'ata gunia ni mimi.
Kisha Alhamisi bosi akaleta shampuu:
"Mwape, Jumapili nataka mpole."

Daktari Mukaz anakuja na koti lake jeupe,
anashika mabega, anahesabu meno,
na mkononi ana fimbo ya kupimia urefu,
nyembamba, ya mbao, yenye namba.

Fimbo.

Kwenye kamba nikasikia ngurumo,
kama mvua ikiwa bado iko Kipushi.
Hakuruka. Alijikunja, meno nje,
akakojoa juu ya chokaa.
Watu wakacheka.
Daktari hakucheka. Aliilaza fimbo chini,
akasimama upande, akatazama miti, akangoja.

Na katika kungoja huko, namba kumi na sita
liligeuka bila sauti.
Sikumbuki mpangilio wake: vumbi, kilio,
mwenye nalo anavuta mkia,
koti jeupe linarushwa juu ya vichwa viwili,
sikio la Watasema limepasuka kama jani la mgomba.

Wote wawili wametolewa.
"Wangu amefanya nini?" niliuliza.
Daktari alikuwa anashona, uzi katikati ya meno.
"Yako haiko mukali. Iko na woga.
Woga ndiyo inaluma sana."
Halafu, bila kuinua uso: "Nani anamupigaka?"
Bosi alikuwa pale, anajipepea kwa kadi.
Nikasema sijui.

Tulirudi kwa miguu, damu isichafue viti vya gari.
Kenya nzima ilitutazama tukipita.
Mtoto mmoja aliuliza jina lake, nikamwambia,
akauliza, "Watasema nini?"

Saa nne usiku geti likagongwa.
Gunia. Fimbo. Chola anakohoa ndani ya gunia,
maana naye ni mtoto, na ana mafua.
Sikufungua mnyororo.
Nilikaa kwenye saruji kando ya mbwa,
kiganja changu juu ya mishono,
na kamba, ingawa niliiacha msumarini,
iliendelea kuita.