Maji Matupu

Saa kumi na mbili asubuhi, Januari, Dundee bado giza totoro,
Iain Geddes ananifunga mpira mkononi,
anautafuta mshipa, anaomba radhi kabla ya sindano.
Mililita kumi. "Damu yako haina ubishi," anasema,
kama mtu anayesifu mchuzi.

Naiosha kwa maji ya chumvi, naizungusha mashineni,
namwaga ya juu, naiosha tena, mara tatu,
kama mchele wa wageni,
hadi zibaki chembe tupu, nyekundu, zimetuama chini
mithili ya udongo wa mfinyanzi.
Nazigawa neli kumi na mbili.

Kisha sumu.
Neli ya pili tone moja, ya tatu mawili,
fenilihidrazini, jina refu kuliko adhabu ya shule.
Kwenye hadubini naziona:
chembe iliyokuwa duara, imebonyea katikati,
inaota vidoa, inapinda, inajikunyata,
halafu ngozi inaachia
na wekundu wote uliohifadhiwa ndani unamwagika nje.
Hakuna sauti. Siku ya kwanza nilitarajia sauti.

Neli ya mwisho haina sumu.
Ina maji matupu, yamechujwa hadi hayana chumvi,
hayana kosa.
Hiyo ndiyo inayozipasua zote, mia kwa mia,
ndiyo kipimo ambacho sumu nyingine zote hulinganishwa nacho.
Kwetu husema damu nzito kuliko maji.
Nami nimeinua neli dirishani,
nyekundu ang'avu, nyepesi,
nasoma kalenda ya ukutani ng'ambo yake, tarehe kwa tarehe,
wala sijui niwajibu nini waliosema.

Mchana ni zamu ya matumbo.
Panya wa kumi na nne alipewa aspirini bila chakula.
Eilidh wa chumba cha panya huwapa majina kimoyomoyo;
daftarini huandika namba.
Nalipasua tumbo kufuata mpindo wake mkubwa,
nalikunjua juu ya kizibo, nalibana kwa pini,
dogo, kama jani la mchicha.
Ute uliokuwa ukiulinda ukuta haupo.
Ipo michirizi, myeusi. Naweka rula:
milimita nne. Mbili. Nukta. Nukta. Sita.
Najumlisha.

Baba alikata mkonge Korogwe.
Mgongo ulipomuuma nyapara alimpa vidonge kiganjani,
akavimeza alfajiri, na chai ilikuwa saa nne,
miaka tisa.
Aliposema tumbo linamchoma tulimwambia apunguze pilipili.
Choo kilipogeuka cheusi kama lami hakutuambia,
tuliona kwenye shuka.
Hakuna aliyepima kwa rula.

Morag Petrie anapita na kikombe chake, anauliza
kama namba zimekaa.
Zimekaa. Dozi ikipanda, michirizi inapanda.
Anafurahi, na ana haki ya kufurahi,
tumeingoja tangu Agosti.
"Andika," ananiambia, nami naandika:
uharibifu ulizidi palipokuwa na tumbo tupu.
Tumbo tupu. Mara kumi na moja katika ripoti moja,
na mara zote kumi na moja mkono umesita
kwenye neno la pili.

Jioni nashuka Hawkhill, plasta bado mkononi,
kichwa kinanigonga.
Vidonge vimo mfukoni, vinalia kwa kila hatua.
Naingia dukani, nanunua mkate, sina hata subira ya kufika nyumbani,
naumega palepale kando ya njia,
upepo wa mto Tay unanipekua shingoni,
watu wananipita,
nami natafuna polepole, tonge kwa tonge,
kama mtu anayemlisha mwingine.