Bunduki ya Mahiwa

Nandonde aliigonga kwa jembe akipalilia mikorosho,
akadhani mzizi.

Siku tisa kwenye mafuta ya taa,
kutu ikaachia kidogokidogo:
kwanza taji, kisha 1916,
kisha namba iliyolika mwishoni.
Ya Mwingereza, nikasema.
Nandonde akauliza: na babu yake baba
alimbebea nani mizigo?

Kitako kililiwa na mchwa.
Chilumba akachonga kipya kwa mninga,
akikipima begani kwake, jicho moja kalifumba.
Pini tumeitoa; imo kwenye kopo la kahawa.

Ila kwenye bamba la shaba
kuna mikwaruzo kumi na mmoja, imepangwa.
Siku? Watu?

Chilumba akashika msasa, akanitazama.
Nikauchukua, nikaukunja,
nikautia mfukoni.