Jivu la Kuni Gani

Kijivu, wameandika.
Barua ya kurasa mbili kutoka makumbusho ya mbali,
na jibu ni neno moja: meli ilikuwa ya kijivu.
Nashukuru. Lakini jivu la kuni gani?

Maana mimi nimechoma.
Mgunga ulitoa jivu jepesi, jeupe kama unga wa muhogo.
Mabua ya mtama, kwa shemeji Ihumwa,
yakaacha jivu zito linaloteleza vidoleni.
La samadi lina umanjano kwa mbali,
ukilitazama jioni tu.
Moto huzaa jivu, walisema wahenga.
Hawakusema la rangi gani.
Makopo kumi na manne yamejipanga dirishani, hapa Kizota,
na Sechelela akipita huuliza
kama leo tunapika au tunapaka.

Miaka thelathini na mmoja nimepaka magari:
pikapu za wizara, malori ya zabibu,
gari la askofu mara mbili, rangi ileile.
Ukiniletea mlango uliobonyea
nitauangalia kivulini, kisha juani, kisha nitaulowesha maji,
na kesho hutajua ulibonyea wapi.
Sikuwahi kushindwa na kijivu.

Meli yenyewe ina urefu wa mkono wangu,
toka kiwiko hadi ncha ya kidole.
Bati la kopo la maziwa, mbao ya mninga,
mizinga ni sindano za cherehani.
Ni ile ya Mjerumani, ya ziwani Kigoma,
iliyoletwa kwa reli ikiwa vipande masandukuni,
ikapita stesheni yetu,
mji ambao hata mvua huja kwa kuazima.

Picha zote ni nyeusi na nyeupe.
Nimezikodolea kwa lenzi ya fundi saa mpaka jicho likatoa machozi.
Mle ndani nyekundu na kijani wamevaa sare moja,
humjui nani ni nani.

Ndipo fundi Ntahondi, mstaafu wa bandari,
akanitumia kwa basi kiberiti kilichojaa pamba,
na ndani ya pamba, ganda la rangi
dogo kuliko ukucha wa mtoto.
Nikalikata kwa wembe kama kitunguu.
Nyeupe. Buluu. Nyeupe. Krimu. Nyeupe iliyochafuka. Nyeupe tena.
La saba, kijivu!
Nilipiga kelele, kuku wakatawanyika.

Kisha nikakaa kimya.
Walioizamisha ni wenyewe,
waliipaka injini grisi kwanza, kama watu wanaokusudia kurudi.
Walioiibua ni wengine.
Hiki kijivu ni cha nani?
Na chini yake kuna uzi mwekundu, mwembamba,
niliouita kutu
kwa sababu nilitaka uwe kutu.

Bibi Mbeleje aliwahi kuniambia.
Alikuwa msichana wa miaka tisa, treni ikasimama kunywa maji,
sanduku moja lilikuwa limepasuka ubao.
"Yale machuma yalikuwa mekundu," alisema,
"mekundu kama ng'ombe wa mahari."
Nikamcheka: Bibi, meli ya vita haiwi nyekundu.
"Mimi nilikuwepo," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa wapi?
Mimi, niliyepaka rangi ya kuzuia kutu
kila siku ya Mungu, kabla ya rangi yoyote,
nyekundu hiyohiyo, imeniganda kwenye kucha hadi leo.
Chuma hakisafirishwi uchi.

Jana nimeichukua brashi.
Nimepaka ubavu, sitaha, bomba la moshi, hata sindano.
Upepo wa Agosti ukaleta vumbi la barabarani,
likatua juu ya rangi mbichi
na sikuweza kuona lilipotua.

Sechelela akasimama mlangoni na kikombe changu cha chai.
"Imekwisha?"
Bado, nikamwambia.
Imefika Dodoma.