Shehia Gani

Karani hakuinua uso.
"Jina?" Khelef Mbarouk. "Shehia gani?"
Hapo nikanyamaza.
Baraza ya duka la vitenge, Mkunazini,
shehia inayo; mlango wa kubisha haina.

"Andika yangu," akasema Bi Salhina,
akarudi kwenye unga wake.

Alinifunza kubonyeza donge kwa kidole:
likirudi polepole, limeumuka.
Siku ya nne mvua ya vuli ilinipiga ubavuni usiku kucha,
usingizi ukanijia alfajiri, saa ya kazi.
Nilipozinduka, aibu ikanipeleka Malindi,
mbali na harufu ya mikate.
Kazi zangu zote zilikufa hivyo, bila neno.

Akanifuata, mkongwe yule,
unga hadi viwikoni, sokoni, mbele za watu.
Hakuuliza nimelala wapi.
"Ukichelewa, njoo useme: nimechelewa.
Na kesho utachelewa tena, nakujua.
Njoo useme tena."

Nikachelewa. Nikaja. Nikasema.
Hata nikaacha kuhesabu.

Sasa nina chumba Kikwajuni, dirisha moja,
na ufunguo wa duka shingoni, kwa uzi wa kiatu.
Usiku bado nashituka,
nasikiliza rungu la mlinzi.

Wiki iliyopita wamenipa Makame nimfunze.
Mkono mwepesi, maneno haba.
Leo saa kumi na moja inapita, hayupo.
Trei ya pili imo ndani, itaungua kidogo.
Natafuta viatu.