Mguu Uliotoboa Baraza

Hapa Wainuiomata, ng'ambo ya kilima ukitoka Wellington,
tulikuwa na baraza ya mbao nyuma ya nyumba,
na kwa miaka tisa nilisema, "Nitaitengeneza Jumamosi."
Jumamosi nazo zina hila: huja na mvua,
au huja na raga kwenye runinga.

Ikafika Krismasi, na Krismasi kwetu ni kiangazi,
soseji zinalia juu ya makaa.
Mama mkwe akasimama kuifuata haradali,
mguu wake wa kushoto ukazama hadi gotini.
Hakupiga kelele. Alisema tu,
nusu juu, nusu chini, sahani imetulia mkononi:
"Colin, ubao wako umeoza."

Glenys akanitazama kwa jicho la miaka tisa.

Sikuziba ufa.
Ukuta nilioujenga ukawa wa mita sita kwa nne,
una ngazi na reli.

Tipene fundi alikuja Jumatatu, penseli sikioni,
akachoma boriti kwa bisibisi, ikaingia kama kwenye keki.
"Huu si ukarabati," akasema. "Haya ni maziko."
Tukafukua: vibanio vya nguo kumi na saba,
mpira wa tenisi uliopara,
na kijiko cha chai, cha fedha, cha bibi yake Glenys,
ambacho nilimsingizia binti yetu Bronwyn
akiwa na miaka minane, akalia hadi usiku.

Baraza la mji likataka ramani ya baraza yangu,
maana kwetu ni mteremko, na atakayeanguka upande ule
ataingia kwa jirani bila hodi.
Tukalipa. Tukangoja. Barua ikaja na mihuri miwili.

Mashimo ya nguzo nilichimba mimi; muulizeni mgongo wangu.
Zege. Bolti. Boriti za msonobari uliotiwa dawa,
kijani kama uso wa mtu aliyeabiri feri siku ya upepo.
Kisha ubao kwa ubao, na kati ya ubao na ubao
nafasi ya unene wa msumari.
"Ukizibana sana," akasema Tipene, "mvua ikija zitainuana."
Glenys alikuwa ananishikia futi kamba.
Hatukutazamana.

Nilisahau kusema: nyumba tulikuwa tunaiuza.
Bronwyn yuko Nelson, ana pacha.

Wiki tano tulikula nje kila jioni,
blanketi magotini upepo ulipozidi.
Miaka ishirini na mbili nimeishi humu
nisijue kwamba jua la mwisho la bonde
huishia kwenye bati la Bwana Faleolo,
wala kwamba yeye huwaimbia kuku wake akiwafungia.
Nilimpungia mkono. Akaja na ndizi za kuchoma,
akaukagua mti, akagonga reli mara mbili, akaketi.

Dalali aliitwa Jarrod, viatu vimechongoka.
"Baraza kama hii inapandisha bei," akasema,
akataja kiasi kilichomfanya Glenys aketi.
Akaleta mito isiyo yetu,
na mlimau wa plastiki ndani ya chungu,
akaomba tupishe apige picha.

Mama mkwe hakupisha. Alikuwa katikati ya mstari wa kufuma.
"Kazi hii niliianzisha mimi," akasema, "kwa mguu huu."

Kwa hiyo katika tangazo, pembeni, chini kushoto,
nyuma ya mlimau usionyauka,
upo: soksi ya kijivu, kifundo kilichonyooshwa juani.

Nyumba ilikwenda wiki ya pili.
Mnunuzi, nesi, alikanyaga kila ubao, taratibu,
kisha akauliza: "Na yule mwenye soksi, anauzwa pamoja?"
Nikacheka. Nikasema hapana.

Usiku nikashuka chini ya baraza na tochi,
kwenye harufu ya dawa na udongo uliochimbuliwa,
nikakaa huko hadi Glenys akaniita mara mbili.
Kijiko nilikuwa nacho mfukoni.
Kesho yake nilikipeleka Nelson.