Linapopinda

Nimeinua simu kama mpiga picha wa harusi,
ila mbele yangu ni kichochoro tu cha Isevya:
vumbi la mwezi wa tisa, maganda ya miwa,
mbuzi wa Mama Nyamizi.
Kioo kinasita, kinatafuta setilaiti zake,
kisha ardhi inafunguka bila jembe.

Mstari wa buluu, inchi nne, maji ya Igombe.
Mwekundu ni umeme, kaa mbali.
Wa njano ni waya wa simu za mezani,
ulikufa zamani, hakuna aliyeutangazia msiba.

Watoto wanasukumana kuchungulia.
"Dada Shija, mbona maji hayatembei?"
Huu ni mchoro, nawaambia, si mto.
Tungu hajaridhika. Analaza sikio chini.

Namwaga chokaa pale simu inaposema.
Mhoja anashusha sururu: mita moja, mita na robo,
udongo mkavu, kigae, betri ya tochi.
Bomba hakuna.
Kwenye kioo limenyooka kama rula,
linakatiza katikati ya shimo,
linakatiza buti za Mhoja, magoti yake,
linaelea hewani, buluu, limejaa.
"Injinia," anasema, "nimesimama ndani ya bomba lako.
Mbona silowi?"

Tukacheka mpaka sururu ikaanguka.
Halafu tukachimba kushoto, kwa kubahatisha,
pale mchicha pori ulipokataa kukauka.
Lilikuwepo. Chuma, kutu tele,
linatoa machozi kwenye kiungo,
limepinda, limezunguka kitu.

Mawe saba
yamepangwa kwa urefu wa mkono wangu.
Ramani haiyajui.
Mtu fulani, mimi sijazaliwa,
ameshika koleo na amri ya kunyoosha,
alifika hapa akasimama.
Akakata bomba, akafunga viwiko viwili,
akapoteza nusu siku na mita tatu za chuma,
na ofisini hakusema neno.

Tumebana kiungo. Saa kumi ndoo zikaanza kulia uani.
Mhoja akarudisha udongo kwa mikono,
sururu aliiacha kando, sikumuuliza.

Nimesimama juu ya kiwiko cha kwanza, nikabonyeza.
Cha pili, nikabonyeza.
Mstari wa buluu ukajikunja, ukatii.
Simu ikauliza: *Sababu ya kupinda?*
Ina nafasi ya herufi ishirini.

Nikaandika: mtoto amelala.
Zikabaki nafasi saba.
Nimeziacha.