Mizani

Miaka thelathini na mmoja nimepima korosho za watu
nyuma ya soko la Malindi,
na sikuwahi kuweka kidole sahanini.
Ndiyo sababu nilipomwona mke wangu Kibibi
akishuka kutoka sitini na moja hadi hamsini na mbili
niliijua hesabu kabla daktari hajafungua mdomo.

Saratani haibishi hodi.
Ikishaingia, majirani huifuata nyuma,
kila mmoja na kopo lake.

Zamzam alileta majani ya stafeli, yamesagwa:
"Kuna mtu wa Mambrui alipona, wallahi."
Twaha akatuma kutoka Maskati vidonge vya kijani,
vikubwa kama kokwa za zambarau,
maandishi yake hakuna aliyeyaweza.
Ikaja habbasoda, yakaja manjano,
ukaja unga wa mlonge, mlonge ule ule
unaopukutika bure uani kwetu;
nikaununua kwa bei ya mbuzi.

Na kila kopo lilikuja na katazo lake.
Sukari, hata kuitaja: ndiyo chakula cha uvimbe.
Nyama, la. Maziwa, la. Mayai, Mungu apishe mbali.
Akabaki na maji vuguvugu na mchicha usio chumvi,
yeye ambaye harusi za mtaa wa Shela
hazikupakuliwa mpaka aonje pilau.

Mlinzi wa makatazo nilikuwa mimi.
Siku moja nilimpokonya kaimati mkononi.
Moja tu. Ingali ya moto.
Hakulia. Alijifuta shira kwa upindo wa leso, akasema,
"Basi njaa iniue kwanza,
saratani ingoje zamu yake."

Hospitalini tulificha.
Muuguzi akiuliza, "Anatumia kitu kingine?"
hujibu, "Hapana," upesi,
kama mtu aliyeweka kidole sahanini.

Ni Kache, binti wa lishe, mtu wa Ganda,
aliyeona kopo likichungulia kikapuni.
Hakufoka. "Baba, niletee yote."
Nikayapanga mezani pake, kumi na manne.
Akasoma, akaandika, akapiga simu famasia.
Vile vya Maskati akavitenga:
"Hivi vinagombana na dripu,
na ini ni moja, haliwezi kuamua ugomvi kila siku."
Mengine akayasukuma pembeni taratibu.
"Mlonge upo uani? Chumeni, mtieni nazi."
Hakuahidi kwamba samaki huponya.
Alisema tu mwili ulio vitani
haupigani na tumbo tupu,
kisha akauliza neno ambalo miezi mitano
hakuna aliyeliuliza:
"Mama, unatamani nini?"

Kibibi akanitazama mimi kwanza,
kuomba ruhusa.
Hapo nikajua nimekuwa nani.

Usiku ule niliyaweka makopo kwenye mizani yangu.
Kilo tatu na robo.
Sahani ya pili sikuwa na cha kuweka.
Ikapanda juu, ikakaa huko huko.

Alitamani uji wa mtama wenye ukwaju,
maana kila kitu kinywani mwake kilikuwa na ladha ya misumari.
Akatamani yai. Akatamani changu wa kuchoma,
mashavu tu, mengine nile mimi.
Leo hula vijiko vinne, kesho viwili,
keshokutwa vyote hurudi kwenye beseni.
Naandika katika daftari la korosho.
"Usinipime kwa macho," huniambia, "mimi si gunia."
Kisha hucheka. Kisha huomba ndimu.

Jumatatu mizani ya hospitali ilisema
arobaini na tisa na nusu.
Wiki mbili nyuma, arobaini na tisa kavu.
Kache akambonyeza kifundo cha mguu, akasema
tusishangilie bado, pengine ni maji.

Pengine.
Lakini mimi ni mpimaji.
Nimeona watu wazima wakikunjana mashati mbele yangu
kwa nusu kilo.